Simu, flashi na TV ya sola darasani: maswali mnayoniuliza kila siku, walimu wa Lindi na Mtwara

Mi nafundisha Biolojia na Jiografia sekondari ya kata huku upande wa Nachingwea. Tangu watu wanione nimepakia TV ya inchi 32 kwenye bodaboda, nimeizungushia blanketi kama mgonjwa anayepelekwa hospitali, simu yangu haipumziki. Mara mwalimu wa Liwale anauliza hivi, mara wa Newala anauliza vile, na asilimia kubwa ni maswali yaleyale. Nimeona niyaandike hapa mara moja, mtu akiniuliza namrushia tu.

Shule yetu haina intaneti kabisa, sasa hiyo teknolojia tunaanzia wapi?

Hili ndo la kwanza kila siku, na jibu langu halijabadilika: intaneti ni ya mwalimu, darasani linaingia faili. Usipange kipindi kinachotegemea mtandao uwe hewani saa nne asubuhi, utaaibika. Wewe tafuta mtandao unakopatikana, usiku nyumbani au Jumamosi ukienda mjini kuchukua mshahara, shusha unachotaka, kiweke kwenye simu na kwenye flashi, kifungue mara moja ukiwa umezima data kuhakikisha kinacheza, ndo uingie nacho darasani. Hiyo ya kuzima data msiidharau. Mi nilishaingia Kidato cha Pili nimejaa mbwembwe, video ya moyo unavyosukuma damu, nabonyeza, kiduara kinazunguka, kinazunguka, kumbe usiku nilihifadhi linki sio video. Madogo 84 wananiangalia. Nikachora moyo ubaoni kwa chaki, na ule moyo ulifanana zaidi na kiazi.

Halafu kumbukeni Mei 2024. Mwanzoni mwa mwezi kimbunga Hidaya, barabara ya Lindi kwenda Dar ikakatika upande wa Kilwa, kabla hatujakaa sawa tarehe 12 nyaya za intaneti za baharini zikapata hitilafu, EASSy na Seacom, Afrika Mashariki nzima mtandao ukawa wa kuvutwa na kamba. Wiki ile waliokuwa na mafaili kwenye flashi walifundisha kama kawaida, hawakujua hata kama kuna tatizo.

Nina simu tu, darasa lina watoto 90. Wataona nini?

Hawataona, kwahiyo usiwaonyeshe, wasikilizishe. Sauti watu wanaidharau sana wakati ndo kitu rahisi kuliko vyote, spika ndogo ya bluutuuthi au hata ya memori kadi inayouzwa gulioni inatosha darasa zima ukifunga milango. Nchi hii ilishawahi kufundisha watu wazima kwa redio, kampeni ya Mtu ni Afya mwaka 1973, watu wanakaa kwenye vikundi wanasikiliza kisha wanajadili halafu wanaenda kuchimba vyoo, hakuna picha wala nini. Nimerekodi mzee mmoja jirani yangu anaelezea namna msimu wa mvua ulivyokuwa zamani na ulivyo sasa, dakika nne tu, nikaupiga kwenye kipindi cha tabianchi na mjadala wake ukala dakika zote zilizobaki.

Kama lazima waone picha, gawa vikundi. Simu moja inaonwa vizuri na watu sita, saba. Wakati kundi moja lina simu, wengine wana kazi nyingine ya maana, sio kusubiri zamu, maana wakisubiri ni kelele tu. Azima na simu za walimu wenzako wawili, unapata vituo vitatu. Ila kwanza fungia simu kwenye hiyo video tu, kuna kitu kwenye setingi kinaitwa kubandika skrini, usipofanya hivyo utakuta dogo ameshafika kwenye picha zako za harusi.

Tununue projekta au TV?

Hapa huwa nabishana na watu. Wengi wanataka projekta kwa sababu inaonekana ya kisasa, na kwenye ukumbi wenye mapazia ni nzuri kweli. Lakini madarasa yetu mnayajua, madirisha hayana vioo, jua la saa tano linaingia mpaka kwenye ubao, projekta ya bei nafuu isiyofika hata lumeni 3000 (lumeni ni kipimo cha mwanga) inatoa kivuli tu, watoto wanakisia.

Cha pili ni umeme. Fanya hesabu na mimi. Betri ya sola ya voti 12, Ah 100 (ampea-saa, ndo ujazo wa betri), zidisha 12 kwa 100, ina kama wati-saa 1200, na betri zile za maji za kawaida hutakiwi kuzikamua zaidi ya nusu la sivyo zinakufa mapema, kwahiyo una 600. Projekta inayokula wati 250 itakaa saa mbili na ushee, ukitoa kinachopotelea kwenye inveta, ile inayogeuza umeme wa betri uwe kama wa ukutani, ni mbili kasoro. TV ya LED ya inchi 32 inakula kama wati 50, kwa betri ileile inapita saa kumi. Na zipo TV zinazokwenda na voti 12 moja kwa moja, hazitaki hata inveta. Ongeza kuwa TV ina tundu la flashi, huhitaji laptopu.

Ubaya wake ni udogo. Watoto wa nyuma kabisa hawasomi maandishi, kwahiyo mi huwa nawaleta mbele wanakaa chini safu tatu, wengine kwenye madawati, warefu wanasimama nyuma. Kama kibanda umiza tu siku ya Simba na Yanga, na hapo hakuna anayelalamika haoni.

Inveta usinunue ya bei ya kutupwa. Yangu ya kwanza ilitoa moshi katikati ya kipindi cha fotosinthesisi.

Bando linaniishia, nafanyaje?

Punguza ubora wa video kabla hujaishusha. Kwa makadirio tu, saa moja ya video kwa 720p inaweza kupita GB 1, kwa 360p ni kama MB 300. Kwenye TV ya inchi 32 hiyo 360p inasomeka vizuri tu, na video yenyewe unayohitaji ni ya dakika tano sita, sio saa. Tumia mabando ya usiku. Na walimu mpo wanne hapo shuleni, kwanini kila mtu anashusha kitu kilekile? Mmoja ashushe, wengine mrushiane simu kwa simu, hiyo haili MB hata moja.

Materio ya maana tunayapata wapi?

Nitataja ninavyovitumia mwenyewe na vya jirani zangu, sio kila kilichopo duniani.

Vitabu vya kiada vipo kwenye maktaba mtandao ya Taasisi ya Elimu Tanzania, bure. Anzia hapo, hasa sa hivi mitaala mipya imeanza kuingia tangu Januari 2024 na nakala za karatasi hazitoshi. Kwa wa msingi na awali, katuni za Ubongo Kids na Akili and Me ni za kwetu, za Kiswahili, na nyimbo zake watoto wanaondoka nazo mpaka nyumbani. Kwa sekondari kuna Shule Direct, masomo ya mtandaoni.

Walimu wa Fizikia na Kemia, mkikosa maabara tafuteni PhET, ya Chuo Kikuu cha Colorado Boulder kule Marekani, aliianzisha Carl Wieman mwaka 2002, mwaka mmoja baada ya kupata Nobeli ya Fizikia. Ni majaribio ya kuchezea kwenye skrini, unaunga waya, unawasha balbu, unaongeza voti, na mengine yameshatiwa Kiswahili. Kitamu chake, jaribio linashushwa kama faili moja linafunguka kwenye brauza bila mtandao. Mwenzangu wa Fizikia alikuwa anafundisha saketi kwa mshale na chaki miaka yote, siku alipowaacha watoto waunge wenyewe kwenye laptopu yake wakaunguza betri ya kwenye skrini ikawaka moto, darasa zima likapiga kelele, na hakuna aliyesahau tena kwanini hatuungi waya bila mzigo, yaani bila balbu au kitu kinachokula umeme. Ila haibadilishi maabara halisi, hilo tusidanganyane, mtihani wa vitendo unataka mikono.

Kuna Kiwix, hii inakupa Wikipedia nzima bila intaneti. Ya Kiingereza na picha zake inafika kama GB 100, ile ya Kiswahili ni ndogo inakaa kwenye memori kadi ya kawaida. Halafu Kolibri, programu ya watu wanaoitwa Learning Equality, ipo tangu 2017, unaiweka kwenye laptopu moja, unawasha ruta isiyo na intaneti yoyote, tableti na simu zinaungana na hiyo laptopu zinasoma na kufanya mazoezi. Kama shule yenu ililetewa tableti na sasa zimefungiwa kabatini kwa mkuu zinashika vumbi, na najua zipo, hii ndo dawa yake.

Google Earth naitaja peke yake kwa sababu naipenda. Nikiwa na mtandao napiga picha za skrini: mdomo wa mto Ruvuma, bandari ya Mtwara, Mnazi Bay, kisiwa cha Songo Songo. Kuna na sehemu inaonyesha ardhi ilivyobadilika tangu 1984. Ukimwonyesha mtoto kijiji chake kutoka juu hakuna haja ya kumwambia nyamaza.

Video nyingi ni za Kiingereza na wanaongea fasta. Watoto hawaelewi.

Zima sauti, ongea wewe. Sitanii. Nani hajaangalia muvi iliyotafsiriwa kwenye kibanda umiza, DJ anapiga stori juu ya picha na watu wanaelewa kuliko mwenye muvi? Fanya hivyohivyo. Mi huwa naangalia video mara tatu usiku, najua wapi nasimamisha, wapi naeleza, kisha darasani naiendesha bila sauti, naelezea kwa Kiswahili, na yale maneno ya mtihani nayaandika ubaoni kwa Kiingereza yakae pale mpaka mwisho. Mara ya pili naiachia na sauti yake, sasa wanashika maneno kwa sababu kitu chenyewe wameshakijua.

Na sio lazima usubiri mzungu akutengenezee. Rekodi mwenyewe kwa simu, dakika tatu, sauti yako hiyohiyo.

Kuna mkaguzi alisema tukiweka video tunapoteza muda. Tunamjibuje?

Wakati mwingine ana haki, jamani. Nimeona kipindi cha dakika 40, video dakika 35, mwalimu amekaa nyuma anachati. Hiyo sio kufundisha, ni kuonyesha sinema. Video ikipita dakika saba kwangu ni ndefu. Nasimamisha kabla jambo halijatokea, nauliza nini kitafuata, wanaandika kwenye daftari, naachia, tunaona nani alipatia. Dakika tano za video zinazaa dakika 25 za kazi. Kwenye andalio la somo iandike kama zana, ipo pale kwa lengo fulani, na mkaguzi akiuliza lengo lipi unamwonyesha mstari.

Simu za wanafunzi je, si ni marufuku?

Marufuku, na usimwambie mtoto aje na simu hata kwa nia njema, utamponza. Kifaa kiwe chako au cha shule. Nyumbani ni kwa wazazi, na huku kwetu simu janja nyingi zinaingia msimu wa korosho, kuanzia Oktoba minada ikianza, ikifika Machi nusu ya hizo zimepasuka vioo au zimeuzwa. Kwahiyo usitoe kazi ya nyumbani inayohitaji simu, utakuwa umewaadhibu watoto ambao baba yao hakupata kilo nyingi mwaka huo.

Grupu la WhatsApp la darasa linasaidia?

La wazazi linasaidia kidogo. Sauti fupi ya dakika moja ya mwalimu inasikilizwa kuliko tangazo refu la maandishi, na kuna wazazi wasiosoma vizuri, wanaona aibu kusema, sauti inawafikia. Weka wasimamizi tu ndo watume, la sivyo asubuhi utaamkia maua na salamu za Ijumaa 60. Usimjadili mtoto wa mtu mle ndani, shida ya mtoto unampigia mzazi wake.

Na ukiunganisha simu yako na TV, weka hali ya ndege kwanza. Niliwahi kusahau, nikiwa katikati ya tabaka za miamba ikashuka notifikesheni skrini nzima kutoka kwenye kikoba chetu, inataja jina langu na deni langu mpaka hela ya mwisho. Mpaka leo kuna wanafunzi shuleni pale wananiita Mheshimiwa Rejesho.

Akili mnemba, ChatGPT na nduguze, tuzitumie?

Tumia kama msaidizi asiyewahi kufika kusini. Inakupangia maswali kumi ya kuchagua haraka, inakurahisishia aya ngumu, inakupa mifano, hapo inaokoa usiku wako. Lakini inakosea huku imekaza uso. Niliiomba initungie aya kuhusu korosho, ikaandika vizuri kabisa kwamba korosho ni mbegu iliyo ndani ya tunda. Nikaisoma darasani makusudi bila kusema kitu. Haikupita sentensi mbili, dogo wa dawati la tatu akanyoosha mkono: mwalimu, huyo hajawahi kuokota korosho, korosho inakaa nje, chini ya bibo, lile tunda lake. Basi kazi ikawa hiyo, wakasahihisha aya nzima kwa kalamu nyekundu, wakaongeza na kwamba mkorosho wenyewe Wareno waliutoa Brazili. Kipindi kizuri kuliko vyote nilivyofanya na hiyo programu kilikuwa cha kuikosoa.

Usiipe majina ya wanafunzi wala matokeo yao.

Naweza kuwapiga picha na video wanafunzi nikaposti?

Kupiga kwa kazi ya darasani sawa, kuposti ni jambo lingine. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, imeanza kutumika Mei 2023, na mtoto hawezi kukuridhia mwenyewe, ni mzazi au mlezi. Hata bila sheria, ile tabia ya kurekodi mtoto anakosea kusoma halafu inapigwa stetasi watu wacheke, acheni. Mikono inayofanya kazi inatosha, sura sio lazima.

Vitu vyote vya mtandaoni ni vya mbali, kuna cha kwetu?

Kipo na ndo ninachotaka mkitumie zaidi. Tendaguru, kilomita kama 60 kutoka Lindi mjini. Kuanzia 1909 mpaka 1913 Wajerumani walichimba pale mifupa ya dinosaria ya miaka kama milioni 150, zaidi ya tani 200, ikabebwa na wapagazi kwa miguu mpaka bandarini Lindi, na kati ya wasimamizi wa kazi alikuwepo Mwafrika, Boheti bin Amrani. Leo mnyama mmoja kati ya hao amesimama makumbusho ya Berlin, urefu wake kwenda juu mita 13 na ushee. Mtoto wa Lindi hana nauli ya Berlin. Ila picha zipo mtandaoni, za yule mnyama na za kale za watu wamebeba mifupa kwa mistari.

Nilishusha picha sita tu. Nikaanza na ya wapagazi, sikusema ni wapi, nikauliza hawa wanafanya nini, wakasema wamebeba maiti, wakasema magogo, mmoja akasema pembe za ndovu. Nilipowaambia ni mijusi wa Tendaguru na njia waliyopita ni hii ya kwetu, ukimya. Tukachukua kamba ya mita 13 tukaenda nayo uwanjani, tukailaza kuanzia kwenye goli, wakatembea juu yake mpaka wakaamini. Halafu lililokuja halikuwa kwenye andalio langu: kwanini yuko kule na hayuko hapa? Wakabishana mpaka kengele, na mwalimu wa Historia akaudakia mjadala kwenye kipindi chake.

Fanyeni hivyohivyo na Kilwa Kisiwani, yule msafiri Ibn Battuta alifika 1331, UNESCO waliyaweka magofu kwenye urithi wa dunia 1981. Fanyeni na gesi ya Songo Songo na Madimba. Na muwatume watoto kwa zamu na simu ya shule wakarekodi bibi zao, mafundi wa majahazi, wachonga vinyago wa Kimakonde. Hiyo mtandaoni haipo mpaka nyie muiweke.

Umeme ukikatika katikati?

Kuwa na ubao. Kila video ninayoonyesha najua nitaichoraje kama ikizimika. Tangu ule moyo wa kiazi nimejifunza kuchora.

Flashi zinakufa kila siku, kwanini?

Virusi vya stesheneri. Usichomeke flashi ya darasani kwenye kompyuta za kuchapishia, kuwa na mbili, ya kuzurura na ya kukaa. Na mlio pwani, Mikindani, Kilwa, Lindi mjini, hewa ya chumvi inakula matundu na nyaya, hifadhini vifaa kwenye ndoo yenye mfuniko.

Unaweza kuja shuleni kwetu utuonyeshe?

Naweza, Jumamosi, mafuta ya bodaboda mnachangia. Isiwe Oktoba wala Novemba, na mimi nina mikorosho. Andaeni ekstensheni ndefu na chumba chenye kivuli, TV nakuja nayo na blanketi lake.